Duara Kando ya Kitovu

Kibwana, mkulima wa mpunga, alipanda kitandani kwa daktari akiamini bado kwamba anaumwa kichocho. Mkojo wa damu haukuwa jambo geni kwake. Utotoni, wavulana wa rika lake wote waliukojoa, wakadhani ndiyo kubalehe.

"Vidonge vilevile vya kichocho vitanitosha, daktari," alisema.

Dokta Nambua hakumwandikia vidonge. Akiwa na majibu ya vipimo, alimweleza taratibu kwamba minyoo aliyoipata majini zamani ilikwisha kufa, lakini makovu iliyoyaacha kwenye kibofu yamegeuka saratani. "Ni aina adimu, baba. Haisikii sana dawa za dripu. Inabidi tukitoe kibofu chote."

Kisha akachukua kalamu ya wino mzito, akamchorea duara kando ya kitovu. Wino ulikuwa wa baridi. "Mkojo utatokea hapa, uingie kwenye mfuko."

Mwanakheri, mkewe aliyemsindikiza, aligeuza uso ukutani.

"Mpaka lini?" Kibwana aliuliza.

"Maisha yako yote."

"Na nikikataa?"

Daktari alifunika kalamu. "Usikatae, baba. Imeshaanza kutambaa."

Kibwana akaitikia kwa kichwa. Mkewe alimfunga vifungo vya shati, akaruka kimoja. Ndipo vicheko vilipoingia dirishani. Kwenye mfereji nyuma ya hospitali, watoto walikuwa wakijirusha majini, wakizama na kuibuka. Kibwana aliinuka, akashika nondo za dirisha, akawapigia kelele watoke. Mmoja wao alimpungia mkono, kisha akazama tena.