Mwaka Huanzia Visiwani

"Ndeti, chinja," mama alisema akinipa kisu, mkono mwingine ameshika mbuzi wetu pekee wa maziwa. Mhubiri mmoja alikuwa ametangaza kwamba mwaka 2000 ukiingia usiku huo, dunia itaisha. Mama hakutaka kufa akiacha nyama zizini.

Nilicheka. "Mwaitu, mama yangu, siku mpya huanzia visiwani, mbali huko mashariki. Wao wanaingia 2000 saa saba hii ya mchana. Wakipona, hata sisi tutapona. Ngoja habari."

Tukasubiri redio. Mbuzi alitafuna upindo wa leso.

"Huko visiwani," mtangazaji akaanza, "mwaka mpya umeingia na..."

Redio ikanyamaza.

Niliipiga kofi, nikageuza betri. Kimya. Nikatazama mashariki. Kisu kiliteleza mkononi kwa jasho.

"Mwaitu," nikasema, "mshike miguu."