Leseni ya Kinga

"Andika bure," alisema mama mwenye kiwanda.

Mwanasheria, ambaye bado alikuwa mgeni pale kazini, aliinua kalamu. "Bure kivipi, mama?"

"Bure. Waitengeneze hiyo kinga, waifunge kwenye mashine zao zote. Leo."

Alikaa wima, viganja mezani. Chai mbele yake ilishashika utando. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Kinga yenyewe ni kitu kidogo: jicho la umeme linalosimamisha mashine ya kukandamiza bati kabla haijamfikia mtu. Viwanda viwili vilitengeneza sufuria mjini, na hiki peke yake kilikuwa na haki ya kuitumia. Wenye maduka makubwa walitaka mzigo unaotoka penye usalama, basi oda zote zikawa zinahamia huku.

"Nimeambiwa hao wenzetu wamekupigia magoti tangu mwaka juzi," alisema mwanasheria. "Sisi tumeshika mpini, wao makali. Na jana mashine imeua mtu wao. Wakaguzi watawafungia tu. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, mama. Tuwaache wateleze."

"Kuna msiba."

"Msiba ni wao, si wetu."

Mama aliitazama kalamu kama mtu aliyesahau kalamu ni ya nini.

"Nasikia hata fundi aliyeibuni hiyo kinga, aliposema tugawane na wenzetu, ulimfukuza mbele ya watu."

"Nilimfukuza."

"Sasa kimebadilika nini?"

Mama alivuta karatasi ya leseni, akatia saini. Mwanasheria alishusha pumzi. Moyoni alisema, huyu ama kahongwa, ama uzee umeanza kubisha hodi.

Mara mlango ukagongwa. Aliingia mwenye kiwanda cha pili, macho mekundu, shati la jana mwilini. Mwanasheria alimsogezea kiti, akamwekea na ile leseni. Mtu yule hakuvitazama. Alisimama mbele ya mama, akashindwa pa kuanzia.

"Sema tu," alisema mama.

"Marehemu tulimsihi atufungie kinga kimyakimya. Si aliibuni mwenyewe? Nani angejua? Akakataa katakata. Akasema bila ruhusa yako ni wizi." Alishika mgongo wa kiti. "Sasa mwanao tumlete nyumbani kwako, mama, au kwa mkewe?"