Mvi za Marehemu kwenye Injini

Siku hizi gari la zamani haliruhusiwi barabarani mpaka klachi, giaboksi na injini viwe vya nyama, iliyooteshwa kutokana na nywele za mwenye gari. Pijo ya marehemu mume wangu ilikuwa iende kuyeyushwa, na mimi nikaapa haiendi. Nikampa Fundi Mshamu kitana cha marehemu, kimejaa mvi.

"Mama, zinatakiwa zako," alisema.

"Gari ni lake. Otesha."

Leo kaileta. Nimepika pilau, majirani wakajaa uani, nani akose? Fundi alipoinua boneti, harufu ya bucha la mchana ikatupiga. Injini ilikuwa ikitoka jasho. Giaboksi imeota vinyweleo.

"Shoga, hili gari au utumbo?" Bi Tunu akauliza, kanga puani.

"Wewe umefuata pilau, nyamaza."

Fundi akanipa bakuli la uji nimimine penye mdomo wa oili. "Usiwe wa moto, itatapika."

Nikamimina, nikaketi kwenye usukani, nikakanyaga klachi. Ilikuwa vuguvugu, ikajikunja chini ya wayo kama ulimi. Injini ikakohoa mara mbili, ikaguna. Kikohozi kile mtaa mzima ulikijua. Kilitoka chumbani kwangu mpaka siku aliyokufa.

Wakaondoka wote, pilau haikuguswa. Jioni gari likaanza kuguna tena. Nikapoza uji kwa kuupuliza, kama nilivyompulizia yeye alipougua. Likameza, likacheua, kisha ule mdomo ukavibana vidole vyangu, taratibu, usitake niondoke.