Ndege ya Kaka Haisikiki

Ndege ndogo ya rimoti ilikuwa imeshaacha nyasi za uwanja wa Nguvumali, na begi la Nasri limeshafungwa kwenye bodaboda ya kumpeleka stendi, alipogundua kosa lake.

Kaka yake, aliyeiunda ndege ile kwa mikono yake kabla sukari haijamla macho, alikuwa amekaa mkekani, uso juu, akisubiri.

"Haya, irushe basi."

"Mbona iko juu, kaka. Inazunguka."

"Siisikii."

Wiki nzima Nasri alikuwa akiipunguza uzito. Aling'oa injini ya petroli iliyosumbua kuwaka, tangi na magurudumu, akakwangua rangi, akaipima kwenye mizani ya muuza pweza, akaifunga mota ya umeme na betri. Alitaka kaka afurahi mara moja kabla yeye hajaondoka tena. Hakufikiri kwamba siku hizi kaka aliifuata kwa ule mngurumo wa injini tu.

"Wee Nasri, umemhasi beberu wangu," kaka alisema. Akacheka.

Ndege ikatua kwa tumbo. Dereva wa bodaboda akapiga honi. Nasri akachomoa ukindu kwenye mkeka, akaukaza bawani kama watoto wanavyofanya kwenye tiara, akairusha upya.

Ukindu ukalia kwa upepo. Kidole cha kaka kikainuka, kikaanza kuifuata angani.

Basi la Mombasa liliondoka bila Nasri. Akapanda la Jumatatu. Mara ya mwisho alisikika yuko Lamu. Kaka alifariki mwezi wa sita. Ndege iko juu ya kabati la shemeji, mke wa kaka, na ukindu wake bawani.