Kidole Gumba Kwenye Diski

Mstari kwenye skrini ulinyooka kama rula. Sindano ya kupimia mparuzo, yaani vilima na mabonde madogo ya uso wa kitu, ilikuwa ikipita juu ya diski yetu mpya bila kupanda wala kushuka.

"Mashine imekufa, dada," alisema fundi mkuu. "Hakuna diski laini namna hii."

"Labda diski hiyo laini ndiyo tumeitengeneza, kaka."

Nilivua glavu, nikaibonyeza diski kwa kidole gumba. Tulikuwa nayo hiyo moja tu.

"Umetia kitumbua mchanga," alinong'ona.

Sindano ilipofika pale nilipogusa, mstari uliruka. Ukachora alama za kidole changu, kilima baada ya kilima. Mashine ilikuwa nzima.

Fundi mkuu aliangua kicheko, akanirushia glavu mpya.

"Vaa, mwenye milima. Tutengeneze nyingine."