Waache Walale

Godoro lilikuwa tayari juu ya pikapu, masufuria yamefungwa kamba, mlinzi alipoamriwa ayashushe tena.

"Kagua kila kitu," shemeji mtu alisema. "Asiondoke na hata mzizi mmoja."

Mlinzi alifunua sufuria moja moja, uso chini kwa aibu. Mjane alisimama kando akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomkosesha shemeji raha. Mtu unamfukuza kwenye shamba alilolihangaikia na mumewe tangu ujana, halafu anacheka?

Roho ya shamba ilikuwa chumba cha baridi. Humo, ndani ya makreti, ililala mizizi minene kama mihogo, ya yale maua makubwa yaliyojikunja mpaka wafanyakazi wakayaita kabichi. Ni maua ya nchi za theluji. Yasipolala kwanza kwenye baridi, hayachanui. Kila mwaka mjane ndiye aliyeyalaza, na ndiye aliyejua siku ya kuyaamsha ili mnunuzi ayapate msimu wa harusi.

"Alfajiri umeonekana unatoka humo," shemeji alisema. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nawaaga."

"Unaaga mizizi?"

"Kwani hapa kuna mwingine wa kumuaga?"

Dereva wa pikapu alijikohoza kuficha kicheko.

"Nikuachie neno moja, shemeji," mjane alisema. "Waache walale mpaka mvua ziishe. Utawaona wakavu, utadhani wamekufa. Usiwaguse. Harusi watawahi tu. Ukiwatoa sasa, utavuna majani ya kulishia mbuzi."

"Mpaka mvua ziishe! Mnunuzi awe ameshaenda zake! Unaniona mtoto mdogo?"

"Nakuona vilevile nilivyokuona siku zote."

Alikuwa amewahi kumsihi mara moja tu kabla ya hapo, asubuhi ile mumewe alipozidiwa na kifua. "Shemeji, lete gari, kaka yako anakufa." Shemeji alisema hakuna ugonjwa hapo, ni ujanja wa mwanamke anayetaka kumtenga mgonjwa na ndugu zake ili aandikishwe shamba. Gari lilikuja jioni. Lilibeba maiti.

Pikapu ilitoka getini.

"Hivi mama," dereva aliuliza, "ndiyo unamwachia hivihivi?"

"Nimemwachia kitu."

"Sumu?"

"Sumu ingemhurumia," alisema, akapandisha kioo kuzuia vumbi.

Nyuma yao shemeji alikuwa ameshaingia kwenye chumba cha baridi. Alikagua nyaya. Alinusa makreti. Alishika mzizi, akaukuta mweusi, mkavu, hauna hata dalili ya chipukizi.

"Kuna kitu amewafanyia," alimwambia mlinzi. "Ndiyo maana anataka niwaache humu, wanifie kimyakimya."

"Bosi, kila mwaka huwa hivi hivi."

"Na wewe amekulisha nini?"

Siku hiyohiyo aliamuru makreti yote yatolewe, mizizi ipandwe.

Majani yalitoka, mapana, ya kijani cha kupendeza, shamba zima. Ua halikutoka hata moja. Mnunuzi alihamia kwa watu wengine na hakurudi. Mlinzi alipata kazi kwenye shule. Dereva bado anaendesha pikapu ileile. Shemeji aliita fundi wa majokofu, akaita na mtaalamu wa kupima udongo, akitafuta ushahidi wa kumfikisha mjane mahakamani. Mwishowe shamba liliuzwa, na sasa anaishi kwa wakwe zake, ambako haongei sana. Mjane anauza miche ya maua kando ya stendi. Fundi hakuona waya uliokatwa, wala mtaalamu hakuona sumu.

Mjane hakuwa amegusa kitu. Alimwambia shemeji yake ukweli mtupu, kama siku ile ya gari.