Gia ya Kupandia Kilima

Mnyororo ulikuwa umerefuka.

Fundi aliulaza juu ya rula mara ya tatu, akakodoa macho. Aliufunga mwenyewe wiki sita zilizopita, ukiwa mpya, bado una mafuta ya dukani. Sasa ulikuwa umelegea kama wa baiskeli iliyobeba magunia miaka miwili. Na baiskeli yenyewe haikuwa ya mteja. Ilikuwa ya mume wake, karani wa maktaba, mtu mwembamba ambaye upepo ukivuma kidogo hushika mlango.

Tena njia ya kutoka nyumbani hadi maktaba ilikuwa tambarare kama meza.

Wanawake wengine hupekua mifuko. Yeye alipekua gia. Alipoacha kazi ya ofisini akashika spana, wapo waliomcheka na wapo waliomsusa, lakini hakuna aliyewahi kusema kazi haijui. Akaigeuza baiskeli magurudumu juu, akafuta grisi kwa kitambaa, akakagua gia za nyuma moja moja. Zile nzito zilikuwa nzima. Iliyolika ni ile kubwa kuliko zote, ile nyepesi, ya kupandia kilima. Meno yake yalikuwa yamechongoka kama ya papa.

Na mji ule ulikuwa na kilima kimoja tu, cha hospitali, upande wa pili kabisa.

"Na keria imepinda," alisema mshona viatu, jirani yake wa kibanda cha pili, aliyekuwa ameshachungulia bila kualikwa. "Hiyo haikupindwa na vitabu, Fundi. Na huo uzi mwekundu kwenye spoki?"

Fundi akauchomoa. Ulikuwa umetoka kwenye pindo la nguo ya kike.

"Shona viatu vyako, jirani."

"Nashona. Ila macho sikuyashona."

Jioni, wakila, alimuuliza mumewe kwa sauti ya kawaida, ile ambayo humtisha karani kuliko kelele.

"Mnyororo wako umekwisha. Siku hizi unapita wapi?"

"Mimi? Napita palepale." Akajikuna sikio. "Minyororo ya siku hizi haidumu." Akatafuna, akameza, akanywa maji. "Ila ukiweza, Fundi wangu, niwekee gia nyepesi zaidi kidogo. Kwa ajili ya... upepo."

"Upepo."

"Unanisumbua sana asubuhi."

Njia ya mwongo fupi, Fundi akajisemea moyoni, hata ikiwa na kilima.

Kesho yake alifanya kazi kama hajawahi kufanya. Alitoa gia zote za nyuma, akafunga seti mpya ambayo ile kubwa yake ilikuwa pana kama kisahani cha chai. Ya mbele akaibadilisha, akaweka ndogo. Mnyororo mpya akaupima, akatoa viungo viwili vilivyozidi, akaupitisha. Kisha akakaza na kulegeza, akakaza na kulegeza, mpaka kila gia ikawa inaitika kwa mlio mmoja mdogo: tk.

"Mimi sikuelewi," alisema mshona viatu. "Unamnolea mwizi panga?"

"Akifumaniwa, afumaniwe juu ya baiskeli iliyofungwa vizuri. Sitaki huyo mwanamke aende kusema karani kaoa fundi mbovu."

Alicheka aliposema hivyo. Lakini nati ya mwisho ilimponyoka vidoleni, ikabidi aitafute mchangani kwa muda, amempa jirani kisogo.

Asubuhi iliyofuata, mumewe alipoingia kuoga, yeye alikuwa ameshatoka. Alikipanda kilima cha hospitali kwa baiskeli ya mteja, anahema kwa hasira na kwa ubovu wa gia, akajibanza nyuma ya nguzo ya lango.

Hakungoja sana. Karani alitokeza kule chini, ameketi wima, anapiga pedali bila kuinuka kitini. Gia zilikuwa zikibadilika moja baada ya nyingine, laini kama sindano kwenye hariri. Kwa kitambo kidogo Fundi akajisikia fahari.

Kisha akaliona gauni jekundu.

Mwanamke alikuwa amekaa upande kwenye keria, mkono mmoja umemzunguka karani kiunoni, uso ameuegemeza mgongoni kwake. Walikuwa wanaongea. Tena karani alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha mabega, ambacho Fundi alidhani ni cha nyumbani tu.

Akaingia katikati ya barabara, spana mkononi.

"Shuka," alisema. "Shuka nikuone."

Breki zikalia. Karani akafumba macho kama mtu aliyeona umeme na sasa anasubiri radi. Mwanamke akashuka taratibu, akitanguliza mguu mmoja uliofungwa bandeji mpaka gotini, akainua uso.

Alikuwa mama mzazi wa Fundi, ambaye miaka miwili iliyopita aliapa kwamba hana binti anayenuka grisi.

Mama aliitazama spana, akaitazama mikono iliyoishika, kisha akainama kwa shida, akazigusa gia za nyuma kwa ncha ya kidole.

"Ni wewe uliyezifunga hizi?" aliuliza. "Leo sijamsikia akihema."